Mlevi Asiyeugua: Usawiri wa Unywaji katika Bunilizi za Shuleni na Msomaji wa Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna unywaji wa pombe na matumizi ya dawa za kulevya yanavyosawiriwa katika baadhi ya bunilizi za Kiswahili zilizosomwa shuleni nchini Tanzania, hususan Rosa Mistika (1971), Watoto wa Mama N'tilie (2002) na Orodha (2006). Hoja kuu ni kwamba bunilizi hizo, na zaidi ya hizo uhakiki wa kishule unaozizunguka, humweka mnywaji katika nafasi ya mtenda kosa. Maradhi yake hayapewi muda wala msamiati. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza mofolojia ya leksimu mlevi, kwa kusoma usawiri wa wahusika watatu, na kwa kuzilinganisha matini hizo na lugha ya unywaji inayosikika Mbeya na Iringa. Makala yanaonesha kwamba mazungumzo ya vilabuni na mitaani yana maneno ya kuutaja mwenendo wa maradhi ambayo fasihi iliyoandikwa haijayatumia vya kutosha.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne huko Mafinga, Kilolo au Tukuyu anapoulizwa kuhusu dhamira ya ulevi katika riwaya au tamthiliya, jibu analofundishwa kulitoa linafahamika. Ulevi huvunja ndoa. Ulevi hufuja mali na kuleta umaskini. Mlevi huwatelekeza watoto. Baada ya hapo hutajwa mhusika mmoja au wawili kuwa ushahidi, na alama hupatikana. Jibu hilo ni sahihi, na katika usahihi wake ndimo kasoro inamojificha: halimtaki mwanafunzi kusema lolote kuhusu kile pombe inachoufanyia mwili wa anayeinywa. Mlevi wa majibu ya mtihani hana ini, hana umio, hana mikono inayotetemeka alfajiri. Ana tabia tu.

Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili si la nadharia pekee. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2016/17 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe na asilimia 11.3 Iringa, viwango vya juu kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania Bara, huku Mbeya ikifuata kwa zaidi ya asilimia 9. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ukaonesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano, takribani asilimia 57, wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Mkoa huo haukosi chakula. Udumavu na VVU vina sababu nyingi, na itakuwa uzembe wa hoja kuibebesha pombe mzigo wote. Hata hivyo, inajulikana kitabibu kwamba pombe inayonywewa wakati wa ujauzito humdhuru mtoto tumboni, kwamba ulevi huongeza ngono isiyo salama, na kwamba mtu anayekunywa sana hukatisha dozi za dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU. Mwanafunzi anayeandika kwamba ulevi huvunja ndoa huenda anaketi darasani akiwa na jambo zito zaidi la kusema, na fasihi aliyopewa haijamwonesha namna ya kulisema.

Makala haya hayadai kwamba riwaya igeuzwe kipeperushi cha kliniki. Dai hilo limekwisha kuidhoofisha fasihi ya Kiswahili zaidi ya mara moja. Linalohojiwa ni jambo la kisanaa: kwa nini masimulizi yanayojinasibu na uhalisia humpa mlevi mwenendo bila kumpa mwili?

2.0 Mlevi katika sarufi

Sehemu ya jibu imo katika neno lenyewe. Kitenzi -lewa kina umbo linalomdanganya mtazamaji wa haraka, kwa sababu mwisho wake hufanana na ule wa kauli ya kutendwa. Kumbe /w/ yake ni sehemu ya mzizi. Ndiyo maana kauli ya kutendesha ni -levya, na nomino itokanayo na kitenzi hicho ni mlevi, ambamo /w/ imegeuka /v/ mbele ya irabu ya mwisho. Mlevi, kwa hiyo, huundwa kwa kanuni ileile iliyomuunda mwizi kutokana na -iba, mpishi kutokana na -pika, mlinzi kutokana na -linda na mvuvi kutokana na -vua. Hawa wote ni watenda. Kiambishi tamati -i hakibebi lawama yoyote, kwani mpishi na mlinzi ni watu wa heshima; kinachobebwa ni utendaji uliozoeleka hadi ukawa kitambulisho cha mtu. Anayepika mara moja si mpishi. Anayelewa mara moja si mlevi.

Mgonjwa yuko upande mwingine wa sarufi. Umbo lake linamweka karibu na mfungwa, mteule na mhukumiwa, watu waliofikwa na jambo. Kiswahili, kabla hata mwandishi hajashika kalamu, kimekwisha kuwagawa: mmoja anatenda ulevi, mwingine amepatwa na ugonjwa. Mtu anayepatwa na kile anachokitenda, au anayeendelea kukitenda kwa sababu kimekwisha kumpata, hana nomino ya asili ya kumhifadhi.

Neno uraibu limeletwa kuziba pengo hilo. Katika matumizi ya zamani ya pwani liliambatana na mazoea ya kutafuna tambuu na tumbaku, jambo la barazani lisilokuwa na aibu. Leo limepewa kazi ya kitabibu, na mraibu anatajwa katika hotuba na katika vituo vya tiba. Ni istilahi nzuri, ila ni changa katika sajili ya fasihi, na haina kitenzi kilichozoeleka. Mtu hulewa, hakuna anayesemwa kuwa *huraibu. Lugha isiyo na kitenzi cha jambo hulisimulia kwa taabu, na riwaya ni sanaa ya vitenzi.

Istilahi dawa za kulevya nayo inastahili kutazamwa. Wanasarufi wamebishana sana kama iwe dawa au madawa. Wapo wanaokataa madawa kwa hoja ya ngeli, na wapo wanaokitetea kiambishi ma- kwa kuwa kinatia dharau na ukubwa. Sheria ya mwaka 2015 imechagua dawa, nayo ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Katika ubishi huo wa ngeli, suala la kisemantiki limepita bila kuguswa. Kitu kinacholevya kuliko vyote katika wilaya za Iringa na Mbeya ni pombe, lakini pombe haimo ndani ya istilahi. Yenyewe huitwa kileo, nomino ya mzizi uleule, na huangukia chini ya sheria ya vileo na leseni za biashara. Heroini ni jambo la polisi, bia ni jambo la leseni, na gongo ni la polisi tena. Kwa utaratibu huo mlevi anabaki kuwa wa padri, mchungaji na mke wake. Daktari haonekani popote katika mgawanyo huo wa maneno.

3.0 Zakaria, Lomolomo na Furaha

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ni riwaya iliyowahi kuzuiwa shuleni kwa madai ya kuvunja maadili, na hadi leo ndiyo riwaya ya Kiswahili inayomweka baba mlevi karibu zaidi na kiini cha maafa. Zakaria hunywa, humpiga mkewe Regina, na humchunga bintiye Rosa kwa ukali unaozaa kinyume cha kilichokusudiwa. Wahakiki wamemsoma Zakaria kama mfano wa malezi mabaya, nao hawakukosea. Lakini katika usomaji huo ulevi wake ni kisababishi kinachoelekea nje tu: kwa Regina, kwa Rosa, kwa wadogo zake Rosa. Msomaji anajua pombe ya Zakaria imewafanya nini wengine. Ni vigumu kwake kueleza pombe hiyo imemfanya nini Zakaria, au Zakaria angekuwa nani siku ambayo hakuipata. Ukatili unasomwa kama tabia, na pombe inasomwa kama ushahidi wa tabia hiyo.

Hapa Kezilahabi anastahili kutetewa kidogo. Mwandishi huyo alishughulishwa na fujo ya dunia na upweke wa mtu ndani yake, na ulevi katika kazi zake una uzito wa kifalsafa ambao majibu ya mitihani hayajaugusa. Anayetaka kumsoma Zakaria kama mtu aliyenaswa atapata pa kuanzia. Kilichokosekana ni uhakiki uliotaka kumsoma hivyo.

Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inaleta mambo mawili pamoja: baba mlevi, Mzee Lomolomo, na vijana wanaovutwa katika biashara ya dawa za kulevya jijini Dar es Salaam. Kwa mpangilio huo riwaya ilikuwa na nafasi adimu ya kuziweka pombe na dawa za kulevya katika sentensi moja, kuonesha kwamba nyumba moja inaliwa na kitu kimoja chenye majina mawili. Nafasi hiyo imetumika nusu. Lomolomo hufa kwa ulevi wake. Vijana hukutana na mkono wa dola. Baba anahukumiwa na kifo na watoto wanahukumiwa na sheria, na mgawanyo ulioonekana katika istilahi unajirudia katika msuko. Kifo cha Lomolomo kina kazi ya wazi ya kisimulizi, nayo ni kuukamilisha upweke wa Mama N'tilie, mwanamke aliyekuwa mlezi pekee tangu mwanzo. Kinamfaa mama kuliko kinavyomfaa marehemu. Kimasimulizi, Lomolomo anaanguka mara moja, ilhali mwili wa mnywaji hauanguki mara moja. Ini hujaa makovu kwa miaka mingi bila maumivu ya kutahadharisha, na linapokuja kujitangaza kwa tumbo kujaa maji na macho kuwa ya njano, mara nyingi kazi imekwisha. Ukimya huo mrefu ungekuwa hazina kwa mwanariwaya.

Muda ndio suala lenyewe. Ulevi katika bunilizi hizi ni tukio linalorudiwa: mlevi anaingia, anapiga kelele, anapiga mtu, analala. Kesho yake hufanya vilevile. Marudio hayo hayana mwendo, na msomaji hawezi kutofautisha ulevi wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa kumi. Ugonjwa una mwendo. Jambo hili fasihi ya Kiswahili inalijua vizuri, kwa sababu ililitenda katika maandishi kuhusu UKIMWI. Kilio Chetu (1996) ya Medical Aid Foundation ilithubutu kuwaweka jukwaani wazazi wasiotaka kuzungumza na watoto wao, na kuonesha gharama ya ukimya huo. Orodha ya Steve Reynolds ilimpa Furaha, msichana anayekufa, barua itakayosomwa baada ya kifo chake, na kijiji kizima kikakaa roho juu kikidhani orodha iliyomo ni ya majina ya wanaume. Katika tamthiliya hizo ugonjwa una njia ya kuingia, una kipindi cha kujificha, una mwisho, na una maarifa yanayoweza kutolewa na mtu aliye ndani yake. Furaha hasemewi na mhubiri. Anajisemea.

Pamoja na hayo, hata katika Orodha pombe ni mlango tu. Mary anamwingiza rafiki yake katika baa na starehe, baa inamwingiza katika ngono, ngono inamwingiza katika maradhi. Bilauri inapokwisha kumvusha Furaha hadi hatua inayofuata, tamthiliya haina haja nayo tena. Maimuna wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed naye hupita katika ulevi kama mtu apitaye kituo kimoja cha safari ya kuanguka kwake. Uhusiano wa pombe na VVU ni wa kweli, na Iringa inaufahamu kuliko wengi. Kuufanya uhusiano huo kuwa sababu pekee ya kuitaja pombe, hata hivyo, kunaleta hitimisho la ajabu: kwamba mtu anayekunywa nyumbani kwake, mwaminifu kwa mkewe, hana cha kuogopa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani tangu mwaka 1988, ikiwemo saratani ya umio, ugonjwa unaoisumbua Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Saratani hiyo haiulizi kuhusu ndoa.

Jambo la hatari zaidi linahusu miisho. Katika masimulizi ya kimaadili mlevi ana milango miwili, kufa au kutubu, na toba huja kwa siku moja: anaapa, anaacha, anarudi nyumbani. Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuitegemea pombe, kuacha kwa ghafla bila uangalizi kunaweza kuleta kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwepo, degedege, hata kifo. Mlevi wa namna hiyo anahitaji kituo cha afya siku anayoamua kuacha kuliko siku nyingine yoyote. Hadithi inayoishia kwa kiapo cha ghafla ina mwisho wa kupendeza, na katika hali hii inafundisha jambo linaloweza kuua.

4.0 Msamiati wa kilabuni

Msomaji wa Iringa anapotoka katika kitabu na kuingia katika kilabu cha pombe, anakutana na Kiswahili kingine. Ulanzi hugemwa kutoka katika machipukizi ya mianzi wakati wa masika. Ncha hukatwa, utomvu hudondokea katika kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta, na mgema hurudi asubuhi na jioni kukata upya na kukusanya. Utomvu huo haungoji chachu ya mtu: huanza kuchachuka wenyewe. Ule wa siku ileile ni mtamu, huitwa mtogwa, na wapo wanaowapa watoto. Uliokaa na kukolea huitwa mkangafu. Kati ya mtogwa na mkangafu hakuna mstari, zipo saa tu, na mnywaji husoma saa hizo kwa ulimi. Mithali ya pwani inamjua mgema anayelitia tembo maji baada ya kusifiwa. Mgema wa ulanzi hana haja ya hila kama hiyo, kwa kuwa kinywaji chake hubadilika hata akiwa amelala.

Mbeya ina komoni ya mahindi, na ina kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina linalohusu ushirika mwema, akifasiri dhana yao ya ukwangala: raha ya kukaa pamoja na wa rika lako, kula nao na kunywa nao. Katika dhana hiyo mtu wa kutiliwa shaka ni yule anayekula au kunywa peke yake. Mhakiki anayemshutumu kila mnywaji wa Rungwe kwa kuvunja jamii atakuwa ameisoma jamii hiyo kinyumenyume. Chungu na mirija ndivyo vilivyokuwa jamii. Uzito wa tatizo la sasa hauonekani mpaka jambo hili likubaliwe. Pombe hailetwi na adui. Huletwa na shangazi, katika ndoo safi, siku ya kumaliza kuvuna.

Lugha rasmi ya tahadhari haina mahali pa kuiweka ndoo hiyo. Matangazo ya bia humtaka mnywaji anywe kistaarabu, na chupa hubeba onyo kuhusu umri wa chini ya miaka 18. Kistaarabu ni kielezi cha maadili, ndugu wa karibu wa ulevi wa vitabu vya shule: kosa liko katika namna, si katika kinachonywewa. Tena, onyo linahitaji lebo, na ulanzi hauna lebo. Hauna asilimia iliyoandikwa, hauna ujazo unaofanana kutoka kilabu hadi kilabu. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Tamko hilo linalifanya neno kiasi, nguzo ya maonyo yote ya Kiswahili kuhusu pombe, liyumbe hata mbele ya chupa iliyopimwa. Mbele ya mkangafu halina pa kusimama.

Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za vifuko kuanzia tarehe 1 Machi 2017, neno moja la Kiswahili lilikuwa limekwisha kuhama. Kiroba, mfuko mdogo wa unga au nafaka, kilikuwa kimekuwa jina la pombe yenyewe, na wingi wake viroba ulieleweka hivyo hata kwa mtoto aliyetumwa dukani. Neno lililobeba chakula cha nyumba likabeba kileo, bila mwandishi yeyote kulibuni. Kwa mwanariwaya mwenye sikio, leksimu hiyo moja ingetosha sura nzima.

Yapo mengine. Kuzimua, katika mazungumzo ya wanywaji, ni kunywa kidogo asubuhi ili kuituliza hali iliyoachwa na pombe ya jana. Husemwa kwa kicheko. Tabibu akisikia kwamba mtu hawezi kuianza siku bila kuzimua, hucheka kidogo zaidi, kwa maana hiyo ni mojawapo ya alama za utegemezi anazofundishwa kuzitafuta. Arosto ni neno la mitaani kwa mateso ya mtumiaji wa heroini aliyekosa dozi: maumivu ya viungo, kuhara, baridi isiyo ya hewa. Teja ni mtumiaji mwenyewe. Maneno haya yanafanya kile ambacho ulevi na uraibu havijaweza kukifanya. Yanataja hatua, saa na mwili. Wasemaji wa Kiswahili wa Mwanjelwa au Mafinga, basi, hawana upungufu wa lugha ya ugonjwa huu. Lugha hiyo imeishia mlangoni mwa darasa kwa sababu imeonekana kuwa ya wahuni, na wahariri wa vitabu vya shule huihofia simo kuliko wanavyouhofia uongo.

5.0 Dawa ya kuachia dawa

Mbeya iko katika njia kuu. Barabara ya kwenda Tunduma na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, zinaiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Zambia na nchi za kusini zaidi. Penye njia ya mizigo, mizigo isiyoandikwa hupita pia, na sehemu yake hubaki. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikasambazwa mikoani, Mbeya ikiwemo. Kila siku mraibu hufika kliniki, hupewa kikombe, hukinywa mbele ya mhudumu, huondoka. Kwa Kiswahili cha kawaida kabisa inaweza kusemwa kwamba mtu huyo anakunywa dawa ili aache dawa.

Sentensi hiyo ina utata ambao hakuna mwandishi aliyehitaji kuutengeneza. Neno dawa limebeba sumu na tiba tangu zamani, na mganga wa jadi asingeona ajabu yoyote. Kinachovutia kihakiki ni hali ya mtu anayesimuliwa nayo. Huyu si Zakaria, maana hatendi fujo. Si Lomolomo, maana hajafa. Hajatubu kwa namna ya mhubiri, kwa sababu kesho atarudi na kesho kutwa atarudi, na ushindi wake wote ni huko kurudi. Msuko unaomfaa mhusika wa namna hiyo ni msuko wa marudio yenye mwendo, kinyume cha yale marudio ya mlevi anayeingia na kutoka bila kubadilika. Riwaya ya Kiswahili ya kimaadili haina umbo hilo tayari. Riwaya ya kimajaribio, ile iliyoruhusu wakati kuvunjika, huenda inalo, lakini nayo haijapendezwa sana na foleni za kliniki.

Kwa mnywaji wa ulanzi hali ni ngumu zaidi kuisimulia, kwa kuwa hakuna kikombe cha kila siku kinachomsubiri hospitalini wala jina la kliniki la kumpa mhusika anwani. Maradhi yake yameenea katika nyumba kama moshi wa jikoni. Labda kwa sababu hiyo ndiyo maana fasihi ya Nyanda za Juu Kusini imevutwa zaidi na hatari zenye sura. Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o, mojawapo ya riwaya chache za Kiswahili zilizosukwa kwa uthabiti katika mazingira ya nyanda hizo, inahusu uchawi. Kijana Gusto anarithishwa na baba yake kitu ambacho hakukiomba, hawezi kukirudisha, na kinachotaka kulishwa. Siri hiyo inajulikana nyumbani kabla ya kujulikana kijijini. Anayeirithi analazimika kuishi maisha mawili, na kila hatua ya kujinasua inamgharimu mtu anayempenda.

Wahakiki wameisoma riwaya hiyo kama hoja kuhusu ushirikina na usasa, na hapana shaka imo. Walimu wa Kiswahili wanaoandaliwa Mkwawa, Iringa, wanaweza pia kuisoma kwa ajili ya umbo lake. Kitu kinachopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kisichoonekana na majirani mpaka kimekwisha kuua, kinachomfanya aliyerithi kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja: mwaka 1977 Mung'ong'o alikuwa amekwisha kukijengea nyumba katika Kiswahili. Katika nyumba hiyo anaweza kuingia mtoto wa Kilolo ambaye kila jioni ya masika hutumwa na baba yake kuleta ulanzi, na ambaye njiani, kabla haujakolea, huuonja.